Shahidi wa Kumeza

Otmara Kilasi hakupendwa na mtu katika Kituo cha Lyangwa, na yeye hakuwa amemwomba mtu ampende. Saa mbili kamili asubuhi, ukungu wa Njombe ukiwa bado umeganda kwenye vioo vya madirisha, alisukuma kitoroli chake hadi wodi ya wanawake akiwa na kikombe kimoja cha bati, mizani ndogo, na uso uliokunjwa tangu nyumbani. Wagonjwa walimwita Shahidi. Hilo lilikuwa jina la kazi yake, lakini walilitamka kama watu wa sokoni wanavyowataja mgambo.

"Umeamkaje, Ansila?"

"Nimeamka."

"Maumivu?"

"Yapo palepale."

Ansila Luvanda alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke wa miaka thelathini na minane, na alikuwa na saratani ya mirija ya nyongo ya aina adimu ambayo nchi nzima haikuwa na watu kumi wanaoiugua. Otmara alimpa kikombe. Ndani yake mlikuwa na mtindi, na ndani ya mtindi matone sitini ya dawa mbili zilizochanganywa: nyeupe, ya kuunyima uvimbe chakula, na ya kahawia, ya kuuamsha mwili uushambulie uvimbe wenyewe. Kila moja peke yake ilikuwa imejaribiwa miaka na miaka na haikuwa imemponya yeyote. Zikiwa pamoja zilikuwa kitu kipya, na hakuna aliyejua ni matone mangapi yanatibu na mangapi yanaua. Kulijua hilo ndiyo ilikuwa kazi ya Lyangwa.

Ansila alipoinua kikombe, Otmara akampa kisogo.

Ndivyo alivyolelewa. Bibi yake kule Lupembe akimkuta mtoto amemkodolea macho mtu anayekula, alimpiga konzi ya utosini bila kuuliza ni mtoto wa nani. Otmara alikuwa na miaka arobaini na minne na konzi zile bado alizisikia. Alisimama akitazama misonobari nje mpaka bati lilipogonga kitoroli, akakichukua kikombe, akakiweka kwenye mizani. Kilikuwa kitupu. Akabandika kidole gumba kwenye kioo kando yake, alama ya kuapa kwamba amemwona mgonjwa akimeza kwa macho yake mawili.

"Nimepokea," ilisema sauti kutoka kwenye mizani.

Sauti ile haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke, na Kiswahili chake kilikuwa cha msomaji wa taarifa ya habari. Waliiita Hakimu. Miaka mitano nyuma, madaktari walipobainika kuwapa ndugu zao dozi nzuri na kuwaachia wengine makapi, ilipitishwa sheria kwamba mkono wa binadamu usiguse tena dozi ya jaribio lolote. Hakimu ndiye aliyehesabu matone. Hakimu ndiye aliyesoma damu ya kila mshiriki, dakika kwa dakika, kupitia jicho dogo la kioo lililoshonwa chini ya mtulinga. Kwa kuwa wagonjwa wenyewe walikuwa adimu, alipandisha dozi kwa mtu mmoja mmoja: wa kwanza matone kumi, wa pili ishirini, wa tatu arobaini, wa nne sitini. Kitu kimoja tu hakukiona. Wagonjwa walikataa katakata kuwekewa kamera mahali wanapolala na kuoga, wakashinda kesi, na hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya shahidi wa kumeza.

"Damu ya mshiriki wa nne ina nusu ya dawa niliyotarajia," Hakimu alisema. "Ini ni zima. Uvimbe umepungua kwa theluthi. Mwili wake unaiunguza dawa haraka, na inaelekea wagonjwa wa aina hii wako hivyo. Mshiriki wa tano ataanza na matone tisini."

"Tisini?" Otmara alisema. "Yule wa arobaini alilala na homa siku mbili, hajui mchana wala usiku."

"Homa ilikuwa ndani ya mipaka. Mshiriki wa tano ameshafika. Jina ni Kasiani Mhema."

Otmara alikuwa anafuta mizani kwa kitambaa. Akaendelea kuifuta, mara ya pili, mara ya tatu, wakati ilikuwa imeshatakata. Kitanda cha pili Bibi Ditrika Sanga alikuwa amelala ametazama ukutani, ametulia mno kwa mtu aliye macho.

*

Kasiani Mhema alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa koti zito la mnada na kofia ya sufu, ngozi na macho vikiwa manjano kabisa. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wake. Miaka saba walikuwa hawajaonana, na Otmara alikuwa ameomba iwe sabini.

"Shikamoo, shemeji," alisema, kwa sababu adabu ni adabu.

Kasiani hakuitikia. Alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani.

"Kumbe bado uko hapahapa," alisema. "Ulimleta ndugu yangu, wakammaliza, na wewe wakakupa ajira. Sasa unasubiri ukoo mzima upite."

"Umekuja mwenyewe. Mimi sijakuita."

"Nimekuja kwa sababu hakuna pengine. Usijipe umuhimu."

Maneno yale Otmara aliyafahamu, maana aliwahi kuyasikia mbele ya watu mia mbili. Siku waliyomzika mume wake, Lodrick, Kasiani alisimama kando ya kaburi akatangaza kwamba huyu mwanamke amemuuza ndugu yao kwa watu wa maabara, na mkono wake hautatupa udongo hapa. Otmara akarudi na udongo wake kiganjani mpaka nyumbani. Mji mzima uliyasema hayo kwa miezi, na wengine walikuwa hawajamaliza mpaka leo.

Alimchukia Kasiani. Hakujidanganya kwamba ni huzuni, wala hakujikosha kwamba ameshasamehe. Na kilichomfanya amchukie zaidi ni kwamba yule mtu, bila kujua, alikuwa amepiga karibu na ukweli. Lodrick alikuwa akitapika dawa. Kila asubuhi baada ya daktari kuondoka, alitapika ndoo nusu, akamshika mkewe mkono akamwambia asiseme, madaktari wakijua watamtoa kwenye jaribio. Otmara alikwenda kuiosha ndoo. Daktari akaandika kwamba mgonjwa anaimudu dozi vizuri, akaipandisha. Siku moja Lodrick hakutapika, dozi yote ikabaki mwilini, na siku nne baadaye alikuwa maiti. Ndiyo maana Otmara aliomba kazi hii Hakimu alipokuja. Alitaka asiwepo tena mtu wa kuosha ndoo kimya kimya.

"Kesho saa mbili," alisema. "Matone tisini. Umesoma karatasi?"

"Nimesoma. Wanasema wa kabla yangu anakunywa sitini na anapata nafuu."

"Ndivyo wanavyosema."

"Na wewe ndiye unayeleta kikombe?"

"Mimi."

Kasiani alicheka kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi. "Basi kesho tutaona," alisema.

*

Mchana Otmara alipita wodini kukusanya vyombo. Bibi Ditrika alikuwa ameketi kitandani anakula ugali kwa maharage, tena si kula kwa kuonja, bali kwa kumega tonge na kulichovya mpaka vidoleni. Otmara alipokea sahani yake. Ilikuwa imelambwa.

Bibi Ditrika alikuwa mshiriki wa kwanza, mwenye matone kumi. Uvimbe wake haukujali matone kumi hata kidogo, ukaendelea kukua, na Hakimu akamtoa. Aliyetolewa harudi kabla ya siku tisini, sheria ilikuwa wazi. Walimfungua lile jicho la kioo chini ya mtulinga, wakampa dawa ya maumivu, na tangu hapo alikuwa anasubiri barabara ya Makete iliyokatwa na maporomoko ifunguliwe ili akafie nyumbani kwake. Mtu wa namna hiyo halambi sahani.

"Bibi, hebu nitazame."

"Nikutazame nina nini na wewe?"

"Nitazame tu."

Bibi Ditrika aliinua uso, na mwanga wa dirishani ukamwingia machoni. Macho ambayo mwezi mmoja uliopita yalikuwa manjano kama ya Kasiani yalikuwa yamerudi meupe. Si meupe sana, lakini meupe.

Otmara alikwenda kwenye kitoroli, akakitoa kile kikombe cha bati, akakiinamisha kwenye mwanga. Wiki tatu alikuwa akikiosha yeye mwenyewe. Ndani, katikati kabisa ya kina chake, palikuwa na mkwaruzo mwembamba ulionyooka, uliochorwa kwa ncha ya msumari na mtu anayejua vipimo. Alimgeukia mwalimu wa hesabu.

"Nusu kwa nusu," Ansila alisema. Alikuwa amekaa wima kitandani. "Nilipima kwa rula. Hakuna aliyepunjwa."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza niliogopa," Ansila alisema. "Sitini, wakati yule baba wa arobaini tulimsikia anavyoweweseka ukuta wa pili. Nikamwambia bibi, nitolee sumu kwanza. Kama kwenye pombe ya ulanzi. Nyumbani kwetu mtu hakupi kikombe kabla hajaonja mwenyewe, na kwenu hivyohivyo, usijifanye mgeni. Akaonja funda moja. Kesho yake nikamwambia onja tena. Siku ya nne akaniambia ule uwasho wa ngozi umepungua, amelala usiku mzima. Wewe ungefanya nini?"

"Ningesema."

"Ungesema," Bibi Ditrika alirudia. "Mwanangu, wewe ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka hapa. Kila siku nilijiambia leo atageuka. Tukadhani unajua, unatustahi."

Hapo Otmara alipandwa na hasira, hasira ya mtu aliyeshikwa ugoni. "Mnajua mmefanya nini? Hakimu anaona damu ina nusu ya dawa. Anaona kikombe kitupu na kidole changu. Anasema, aa, huyu mwili wake unachoma dawa, basi anayefuata apewe zaidi. Kesho yule baba wa chumba cha pili anameza tisini. Hakuna binadamu aliyewahi kumeza hata sitini. Ninyi mmekunywa thelathini thelathini."

Ansila alitazama mikono yake.

"Yule aliyekutukana asubuhi?" Bibi Ditrika aliuliza. "Tulimsikia."

"Huyohuyo."

"Ukisema, sisi wanatufanya nini?"

"Wanawatoa wote wawili. Na mimi."

"Kwa hiyo sisi tufe ili yule apone," Ansila alisema. "Yule. Na wewe ndiye wa kutuambia hivyo, wewe uliyeapa kila asubuhi kwa kidole gumba kwamba umeona ambacho hukukitazama. Nenda kaseme, Shahidi. Anza na hilo."

Otmara alikusanya sahani akatoka. Jioni nzima alikaa kwenye ngazi za jikoni, koti limefungwa hadi kooni, akilipima jambo lile huku na huku. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kitu chochote alichowahi kufanya. Asingehitaji kumgusa mtu. Angemkabidhi Kasiani kikombe chake halali, chenye dozi halali ya Hakimu, kwa saini yake mwenyewe Kasiani, kisha angegeuka kutazama misonobari kama kawaida. Wanawake wawili wangeendelea kupona. Na yule mtu angejua, kwa siku nne hivi, Lodrick alikufaje. Wazo hilo la mwisho lilimfurahisha. Lilimfurahisha kweli, na alikaa nalo muda mrefu kuliko alivyopaswa.

*

Saa mbili asubuhi alifungua mlango kati ya wodi mbili, jambo lisiloruhusiwa, akaingiza kitoroli kwa Kasiani. Mlango aliuacha wazi. Alimpa kikombe. Mtindi ulikuwa umegeuka rangi kwa wingi wa dawa ya kahawia.

Kasiani alikinusa. Kisha akamrudishia.

"Toa sumu kwanza," alisema.

"Hii ni dawa. Haionjwi."

"Mikononi mwako wewe, inaonjwa. Ndugu yangu hakukuomba uonje, na yuko chini ya udongo. Kunywa, nikuone."

Otmara alikishika kikombe kwa mikono miwili. Kilikuwa kilekile chenye mkwaruzo, na mtindi ulikuwa umeuzidi mstari mara mbili. Aliona jinsi jambo lote lingeweza kumalizika pale pale. Angekunywa hadi kwenye mstari. Arobaini na tano yake, arobaini na tano ya Kasiani. Yeye mzima, homa ya siku mbili asingeshindwa kuibeba. Kasiani angeishi na asijue kamwe ni nani aliyechukua nusu ya kifo chake akainywa. Ansila na bibi wangebaki. Kidole gumba kingebandikwa. Hakuna ambaye angepoteza kitu.

Ila Hakimu angesoma damu ya Kasiani, akaikuta nusu. Na kwenye orodha ya wagonjwa watakaofika tarehe kumi kulikuwa na msichana wa Mahenge, miaka ishirini na mitatu, ambaye Otmara alishaiona picha yake. Huyo angepewa matone mia na thelathini na tano, na asingekuwa na wa kumwonjea.

Kila funda jema lilikuwa linamsogezea kifo mtu wa kitanda kinachofuata. Bibi Ditrika alilianza kwa huruma, Ansila kwa woga, yeye kwa adabu, na kabla yao wote Lodrick na ndoo yake. Otmara alichoka na watu wema, akianzia na yeye mwenyewe.

Alikiweka kikombe kwenye mizani kikiwa kimejaa.

"Kikombe hakijanywewa," Hakimu alisema. "Eleza sababu."

"Mshiriki wa nne hakumeza sitini," Otmara alisema. Alisema kwa nguvu ili wodi ya pili wasikie. "Wiki tatu amemeza thelathini, mengine amempa Bibi Ditrika. Mimi sikuona. Nilibandika kidole bila kutazama, siku ishirini na moja. Tisini yako umeijenga juu ya kiapo changu cha uongo."

"Siku ishirini na moja umeapa kwamba uliona," Hakimu alisema. "Leo unaapa kwamba hukuona. Nikuamini katika lipi?"

"Anasema uongo," Ansila alipaza sauti kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama pekupeku, ameshikilia fremu. "Mimi nimekunywa sitini, kila siku. Huyu ana ugomvi na mgonjwa wake, hataki apate dawa. Muulize mwenyewe baba."

Kasiani alikuwa ameinuka kutoka kwenye kiti chake. "Umeona," alimwambia Otmara kwa sauti ya chini. "Umeona ulivyo? Nimebakiza miezi miwili. Dawa iko hapa mbele yangu, na wewe unainyang'anya."

"Ushahidi unapingana," Hakimu alisema. "Bila ushahidi wa damu, dozi inabaki tisini. Mtu anayedaiwa kupewa dawa hana jicho. Ametolewa, na sheria hainiruhusu kumlazimisha apimwe. Shahidi, mpe mshiriki wa tano kikombe chake."

Otmara hakusogea. Nyuma ya Ansila zilisikika kandambili zikiburuta sakafu, polepole, na Bibi Ditrika akampita mwalimu mlangoni bila kumtazama. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya gauni la wodi na anatembea bila kushika ukuta.

"Bibi, usifanye hivyo," Ansila alisema. "Bibi, tafadhali. Tumetoka mbali."

Bibi Ditrika alisimama mbele ya Kasiani akamtazama vizuri, mpaka yule mtu akarudi kukaa.

"Simjui huyu baba," alisema. "Na tangu jana simpendi. Mdomo wake ni mchafu, hata shikamoo ya watu haitikii." Akaunyoosha mkono wake juu ya mizani, kidole cha kati kimetangulia. "Chukua damu yako."

Sindano ya Hakimu ilitoka na kurudi. Bibi alinyonya kidole.

"Dawa zote mbili zimo," Hakimu alisema. "Kiwango ni cha matone thelathini. Uvimbe umepungua kwa robo. Nasahihisha. Matone thelathini, watu wawili, wote wanapata nafuu. Mshiriki wa tano ataanza na thelathini kesho asubuhi. Mshiriki wa nne anatolewa kwa kuvunja kiapo. Ditrika Sanga anaondoka kituoni. Wote wawili wanaweza kuomba kufikiriwa upya baada ya siku tisini. Shahidi anaachishwa kazi na shauri lake linapelekwa barazani. Mpaka atakapofika mwingine mwenye kidole kilichosajiliwa, kesho mchana, ataendelea na zamu."

"Waache na thelathini yao," Otmara alisema. "Umeona inafanya kazi. Umesema mwenyewe."

"Aliyevunja kiapo damu yake haisomeki. Sitajua anakunywa nini na nani."

Ansila aliteleza akakaa sakafuni pale mlangoni, akaanza kulia kwa sauti, bila aibu. Otmara alimwendea, na Ansila akamwambia asimguse. Basi akamgeukia Bibi Ditrika, lakini naye alishaanza kurudi kitandani.

"Usinishukuru," bibi alisema bila kugeuka. "Ungegeuka siku ya kwanza ukanipokonya, ningekufa salama. Nilikuwa nimeshakubali. Sasa nimerudi kupenda ugali, na siku tisini sina."

*

Gari lisilo na dereva lilifika saa moja na nusu asubuhi iliyofuata. Barabara ya Makete ilikuwa imefunguliwa. Lilifungua milango yake lenyewe likasema, kwa sauti ya uchangamfu iliyowekwa na mtu ambaye hajawahi kuugua, karibuni na ugueni pole. Ansila aliingia akajifunika kitenge usoni. Bibi Ditrika aliketi dirishani na furushi lake mapajani. Otmara aliwabebea maji na mikate, akaviweka kwenye kiti cha mbele, na hakuna aliyemwambia asante.

Saa mbili aliingia kwa Kasiani na kitoroli. Koti la kazi alikuwa bado amelivaa, lakini ufunguo wa stoo alishaurudisha. Mtindi ndani ya kikombe ulikuwa mwepesi wa rangi, na haukufika kwenye mkwaruzo.

Kasiani alikipokea, akakinusa, akamnyooshea.

"Toa sumu," alisema.

"Hakuna wa kukuonjea tena. Waliokuonjea wako nje, kwenye gari."

Kasiani alitazama dirishani. Gari lilikuwa bado limesimama kwenye ukungu likisubiri saa yake ya kuondoka, na nyuma ya kioo Bibi Ditrika alikuwa anamega mkate. Alitazama kwa muda. Kisha akainua kikombe hadi mdomoni, akasita, akamwona Otmara amesimama mbele yake, mikono ubavuni, amemkazia macho kooni.

"Unanikodolea macho ya nini? Hukufundwa kwenu?"

"Nilifundwa. Meza."

"Geuka huko. Watu hawanywi hivi."

"Meza, shemeji."

Alikunywa. Otmara aliliangalia koo lake lilivyopanda na kushuka, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa taabu. Alimfungulisha mdomo akachungulia chini ya ulimi, akamwona mtu mwenye umri wa baba yake ananyong'onyea kwa fedheha, na hakugeuza uso. Nje gari liliondoka. Alikiweka kikombe kwenye mizani, akabandika kidole gumba.

"Nimeona," alisema.